Anthropolojia si mifupa peke yake

Mdogo wangu, umeuliza kama anthropolojia, yaani taaluma ya kumchunguza binadamu, ni kuchimba mifupa tu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aanzie tawi gani. Mifupa ni sehemu moja. Wanaochunguza mwili na asili ya binadamu ndio wenye Olduvai, bonde la kaskazini mwa Tanzania, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, mwaka 1959, na nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Akiolojia husoma vitu vilivyoachwa: magofu ya Kilwa, vigae, shanga. Tawi la lugha huangalia watu wanavyozungumza, mathalani vijana wa Nairobi na Sheng yao.

Mimi nakushauri uanze na utamaduni. Hapo mtafiti hukaa na watu muda mrefu, akajifunza lugha yao, akahudhuria harusi na misiba yao, ndipo aandike. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alifanya hivyo visiwani Trobriand, katika Bahari ya Pasifiki, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye, huko London, alimfundisha Jomo Kenyatta, aliyeandika kuhusu Wakikuyu wenzake. Nalithamini sana hilo, maana taaluma hii ilikulia ndani ya ukoloni, na waliochunguzwa mara nyingi hawakuulizwa. Ukienda kijijini, omba ridhaa kwanza, na matokeo uwapelekee wenyewe.