Kwa Nini Python Inakataa Kuwa 0.1 na 0.2 ni 0.3?

SWALI: Mhariri, ninaandika programu ya duka la viungo kwa lugha ya Python. Mteja akichukua kilo 0.1 ya iliki na kilo 0.2 ya mdalasini, programu hulinganisha jumla hiyo na 0.3 kwa alama ya ==, na kila mara hujibu kuwa si sawa. Je, kompyuta yangu ina kasoro? Msomaji, Zanzibar.

JIBU: Ndugu msomaji, kompyuta yako ni nzima. Python huhifadhi namba za desimali kwa IEEE 754, kanuni ya kimataifa ya kuhifadhi namba iliyotolewa mwaka 1985, katika muundo wake unaoipa kila namba biti 64, yaani nafasi 64 za 0 au 1. Katika mfumo huo wa 0 na 1, namba kama 0.5 na 0.25 huandikika kikamilifu, lakini tarakimu za 0.1 hujirudia bila kikomo, kama theluthi moja inavyojirudia kwetu tunapoiandika 0.333, kwa hiyo kompyuta hulazimika kuikadiria. Makadirio hayo yakijumlishwa, unapata 0.30000000000000004, na alama ya ==, ambayo haivumilii tofauti yoyote, hujibu False, yaani si kweli.

Kwa vipimo vya mizani, tumia math.isclose, iliyopo tangu Python 3.5, ambayo huzihesabu namba mbili kuwa sawa ikiwa tofauti yao haizidi sehemu moja kwa bilioni ya ile iliyo kubwa. Hapa pana mtego unaowanasa wengi: ukitaka kujua kama iliki imekwisha, yaani kulinganisha salio na 0, uvumilivu huo wa uwiano hausaidii kitu, kwa kuwa salio lolote lisilo 0 kamili, hata liwe dogo kiasi gani, litakataliwa. Ongeza abs_tol=0.0005, yaani kiwango maalumu cha tofauti inayoruhusiwa, ambacho kwa kilo ni nusu gramu, kisha upunguze au uongeze kiwango hicho kulingana na usahihi wa mizani yako.

Fedha ni jambo jingine, nami nakusihi usivumilie tofauti hata kidogo. Hifadhi bei kwa senti kama namba nzima, shilingi 12.50 ikiwa 1250, au tumia Decimal, aina ya namba ya Python inayohifadhi desimali kama zilivyoandikwa, na uizungushie namba alama za nukuu: Decimal("0.1"). Ukiandika Decimal(0.1) bila alama hizo, utaipokea namba ambayo tayari imekwisha kukadiriwa, na ulinganishaji wako utakosea vilevile.