Ada Zitalipwa, Lakini na Nani?

Mwezi uliopita nililetewa rasimu ya Hati ya Makubaliano baina ya vyuo vikuu vitatu vya Afrika Mashariki ili niipitie kabla ya kutiwa saini, na aliyeileta, kijana mwenye miezi minne tu katika dawati la uhawilishaji wa teknolojia, yaani la kupeleka uvumbuzi wa chuo kwa watumiaji, alikuwa amekwisha kuagiza keki na mpiga picha. Nilipofungua ibara ya miliki ubunifu, yaani haki juu ya kinachobuniwa, nilikuta sentensi moja: "Ada zitalipwa na gharama zitagawanywa kwa maelewano ya pande zote." Nilimwomba aahirishe keki, kisha nikaketi kuwaandikia ninyi nyote mlioingia katika kazi hii karibuni, kwa kuwa sentensi hiyo naifahamu vizuri. Niliwahi kuitunga mwenyewe.

Jambo la kwanza, basi, ni la sarufi: katika mkataba wa ushirikiano, ogopeni kitenzi cha kutendwa kisichotaja mtenda.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mratibu wa mradi wa vyuo vitatu vya kandokando ya Ziwa Victoria, uliobuni kikaushio cha dagaa kinachotumia joto la jua. Tatizo lenyewe mnalijua: dagaa huanikwa mchangani au juu ya nyavu, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, mzigo uliokusudiwa kuliwa na watu huishia kuwa chakula cha kuku. Wahandisi wetu walifanya kazi nzuri. Sisi wa madawatini tulitumia siku mbili za warsha mjini Kisumu tukibishania jina la uvumbuzi, kwa sababu samaki huyo ni dagaa kwa Watanzania, omena kwa Wakenya na mukene kwa Waganda, na kila ujumbe uliapa kwamba wakubwa wake hawatatia saini hati yenye jina la jirani. Hatimaye tuliafikiana kutumia jina la kisayansi, Rastrineobola argentea, tukapigiana makofi. Suala la nani atalipa ada ya kila mwaka ya kulinda maombi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi mpya, lilijadiliwa wakati chai ikimiminwa. Niliuliza, mwenzangu mmoja akajibu, "Itashughulikiwa," nami nikaandika katika kumbukumbu za kikao kwamba suala hilo limeshughulikiwa.

Tuliwasilisha maombi ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu barani Afrika, kwa Itifaki yake ya Harare ya mwaka 1982, tukiteua Kenya, Tanzania na Uganda. Wenzetu waliotangulia kuandikwa katika fomu waliamini kwamba mratibu ndiye mlipaji. Mimi niliamini kwamba anayetangulia katika fomu hutangulia pia kufungua pochi. Upande wa tatu ulikuwa ukisubiri ankara, ambayo hakuna aliyeiandika. Wakili wetu wa hataza alituma vikumbusho kwenye barua pepe ya mradi, na mradi ulipokwisha anwani hiyo nayo ilifungwa. Nilikuwa nimeifunga mimi, kwa fahari kubwa, kama sehemu ya kukabidhi mradi kwa unadhifu.

Kisha akatokea mwenye kiwanda kidogo aliyetaka leseni. Alikuja na rasimu yake ya mrabaha, yaani malipo kwa wenye uvumbuzi kutokana na mauzo, jambo ambalo katika kazi yetu ni nadra kama mvua ya Julai mjini Dodoma, akaomba kitu kimoja tu: uthibitisho kwamba maombi yangali hai. Nilimwahidi jibu kabla ya saa nane. Saa sita niligundua kwamba tarehe ya malipo ilikwisha kupita, na ile miezi 6 ya kulipa pamoja na faini ilikuwa imepita pia. Hatukuweza hata kuomba upya, kwa sababu maombi yetu yalikuwa yamekwisha kuchapishwa, na kitu kilichochapishwa si kipya tena, hata kama aliyekichapisha ni wewe. Niliwapigia simu wavumbuzi mmoja mmoja. Mhandisi wa makamo, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, aliniuliza kwa upole kama ninakumbuka ada ilikuwa kiasi gani. Ilikuwa ndogo kuliko posho ya kujikimu tuliyolipana Kisumu.

Nimewahi kukiona kikaushio chetu katika mwalo mmoja, kimeundwa na fundi wa kuchomelea aliyepunguza gharama kwa kubadilisha vioo na nailoni ngumu. Nilimpongeza. Hakuwa na deni lolote kwetu.

Mengine nayataja upesi. Jumuiya ya Afrika Mashariki si ARIPO: Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022 lakini haimo ARIPO, hivyo soko la Bukavu linahitaji maombi yake peke yake. Waliosajili BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, wakumbuke kwamba Zanzibar ina wakala wake wa usajili. Wasilisheni maombi kabla ya Nanenane, kabla ya ikisiri ya kongamano na kabla ya kwenda redioni. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inamsamehe mvumbuzi aliyefichua siri yake ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha maombi, Ulaya haina msamaha wa namna hiyo, na mteja wenu huenda yuko Ulaya. Miezi 12 ya haki ya kipaumbele, yaani ya kuomba katika nchi nyingine kwa tarehe ya ombi la kwanza, huisha haraka kuliko mchakato wa manunuzi wa chuo chochote ninachokijua, kwa hiyo ombeni fedha za hatua ya pili siku mnayowasilisha ya kwanza. Mkuu wa idara anayeidhinisha safari si mvumbuzi, na kumwambia hivyo ni sehemu ya kazi yenu. Mwambieni asubuhi, akiwa ameshiba.

Ada iandikiwe cheo, kisha tarehe, kisha kifungu cha bajeti. Anwani ya mawasiliano iwe ya ofisi, isiwe ya mradi wala ya mtu anayesubiri majibu ya ufadhili wa uzamivu.

Rasimu ya yule kijana ilirudi jana. Ibara ya ada sasa inataja chuo kinachohusika, mkurugenzi wa fedha na tarehe ya mwisho, na nilikuwa karibu kumruhusu aagize keki upya, hadi nilipofungua ukurasa uliofuata nikasoma: "Mrabaha utagawanywa."

Nimemrudishia tena.