Kopo la flavonoidi na kitunguu cha Kongowea

Nilipopimwa presha nikakutwa na 160 kwa 100, nilifanya wafanyalo wengi: nilitafuta dawa isiyokuwa ya hospitali. Nikanunua kopo la vidonge vya flavonoidi, kemikali za asili zitokazo kwenye mimea. "Vinazibua mishipa, mama, kama sinki," muuzaji akaniapia. Vya presha nikavitupia kabatini. Mwezi wa pili, kwenye foleni ya feri Likoni, kisogo kikaanza kunigonga hadi nikaketi chini, kikapu mapajani.

Daktari hakunikaripia. Alilizungusha kopo, akasoma yale maandishi madogo, akaniuliza, "Kwani nyumbani mwala nini?"

Flavonoidi si uongo. Zimo kwenye majani ya chai, kakao, machungwa, rozela, vitunguu. Baadhi yake husaidia utando wa ndani wa ateri kutoa oksidi ya nitriki, na hiyo ndiyo inayoulegeza mshipa damu ipite. Lakini kulegeza si kuzibua. Mafuta yaliyokwisha ganda ukutani hayang'oki kwa kidonge hicho. Marekani waliwapa wazee miligramu 500 za flavanoli za kakao, aina mojawapo ya flavonoidi, kila siku, katika utafiti wa COSMOS uliohusisha watu zaidi ya 21,000. Majibu yalitoka 2022: vifo vya moyo vilikuwa vichache kwao, ila jumla ya matukio ya moyo na mishipa haikushuka kiasi cha kujivunia. Nami nililipia kopo hela za wiki nzima za sokoni!

Sasa nanunua vitunguu vyekundu soko la Kongowea. Zamani nilikuwa nikimenya nyama mbili za juu nzima nzima, kumbe huko nje ndiko kwerisetini, flavonoidi ya kitunguu, ilikojaa. Siku hizi natoa ganda kavu tu. Na kachumbari siikamui tena kwa chumvi. Naisuuza kwa maji, natia ndimu na pilipili. Chumvi ndiyo iliyokuwa ikiniua, si upungufu wa vidonge.

Ukitaka kopo, lipeleke kwanza kwa daktari pamoja na dawa zako zote. Ginkgo, dawa ya majani ya mti, ikikutana na dawa ya kuyeyusha damu yaweza kukutoa damu. Hata balungi, tunda la watu, huzifanya baadhi ya dawa za presha na kolesteroli zirundikane mwilini.

Shangazi asema kachumbari yangu ni ya wagonjwa. Anaila, lakini kisahani chake cha chumvi hukiweka pembeni, akijua namwona.