Muulize Mchoraji: Nichore nini cha Dar?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nakaa Mbagala, nachora kwenye karatasi na kwenye simu. Kuna shindano la kuchora Dar kama mji mwenyeji wa AFCON 2027, mchoro mmoja tu saizi ya A3. Kila nikianza najikuta nimechora uwanja na mpira na watu wameinua mikono, na wenzangu wote wanachora hivohivo. Alafu masharti yanasema kila mchoro utakaotumwa unakuwa mali ya waandaaji hata usiposhinda, hii imekaaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Uwanja wa Mkapa naupenda sana, unaingiza watu 60,000, lakini ukishauchora kwa juu unafanana na uwanja wowote duniani, mtu wa Cairo hatajua ni Dar. Wewe unakaa Mbagala bana! Siku ya mechi barabara ya Kilwa inapita hapohapo kwako, daladala imeshona, wa jezi nyekundu na wa jezi ya njano wamebanana siti moja wanabishana, konda ananing'inia mlangoni, mama wa mihogo anamwaga pilipili, dogo kabebwa mabegani na baba yake. Agosti 2025 CHAN ilipofunguliwa pale Mkapa na Stars wakawapiga Burkina Faso 2-0, mi nilikuwa nje na daftari langu, na karibu kila nilichochora siku ile kilikuwa barabarani. Anzia hapo, uwanja weka kwa mbali kabisa hata kama ni taa zake tu.

Ukitaka kuona mtu alivyofanya hivi, tafuta bango la Olimpiki ya Paris 2024 la mchoraji Mfaransa Ugo Gattoni. Kachora kwa mkono, saa kama 2,000, ndani kuna watu karibu 40,000, na Paris nzima imegeuka uwanja mmoja, mto Seine upo humohumo, mnara wa Eiffel umekuwa wa pinki. Unaweza kulikagua nusu saa bado unagundua kitu kipya.

Wengi pia watakimbilia staili ya Tingatinga, na ni haki yetu kabisa, mzee Edward Tingatinga aliianzia hapahapa Oysterbay mwaka 1968 akipaka rangi za baiskeli kwenye vipande vya silingibodi. Ila simba na twiga waache porini, jaribu staili hiyohiyo kwa bajaji, kunguru na samaki wa Feri, hapo utakuwa umetuchora sisi.

Hilo sharti la mali limeniuma. Mchoro ni wako tangu siku unauchora, sheria ya hakimiliki ya 1999 inakulinda. Waandikie waandaaji kwa heshima, waombe wachukue haki ya kutumia mchoro ulioshinda tu, tena kwa shughuli ya mashindano tu, na mingine ibaki kwa wenyewe. Wakikataa, mi nisingetuma, na nakwambia hivi najua hela ya zawadi unaihitaji. Ukituma, orijino na faili lenye leya (tabaka za mchoro kwenye simu) baki nalo, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nenda kasajili.

Kwenye simu fungua turubai ya pikseli 3508 kwa 4961 kabla hujagusa chochote, ukianza na ndogo ikichapwa itatoka ukungu. Nembo ya CAF na za Simba na Yanga usiziweke, rangi za jezi zinatosha.