Kupima uzito wa maneno ya mzaha katika Kiingereza cha zamani

Ninyi mnaoanza kusoma au kutafsiri Kiingereza cha wakati wa Shakespeare, na cha karne zilizomtangulia na kumfuata, mtakutana mapema na maneno ya kicheko kama jest, jape, gibe, flout na banter. Kamusi ndogo huyapa karibu yote maana moja, mzaha au dhihaka, na mwanafunzi huridhika. Nawasihi msiridhike, kwa sababu kati ya mzaha na dhihaka pana umbali mkubwa, na maneno haya yamekuwa yakihamahama katika umbali huo karne baada ya karne. Kabla ya kulipima neno, ulizeni kwanza liliandikwa lini.

Jest ndilo linaloonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Asili yake ni Kifaransa cha zamani, na nyuma yake Kilatini gesta, yaani mambo yaliyotendwa. Hivyo katika karne ya 14 lilimaanisha masimulizi ya matendo ya mashujaa. Kutoka hapo likawa hadithi ya kuchangamsha watu, na kufikia karne ya 16 likawa mzaha wenyewe. Jape lilikuwa hila au mzaha kwa Chaucer, mshairi wa karne ya 14, kisha likapata maana ya matusi, waandishi wenye staha wakaliacha, hadi lilipofufuliwa katika karne ya 19 likiwa safi.

Flout na banter ndiyo yanayowapoteza wengi, kwa kuwa bado yanatumika. Leo flout ni kukiuka sheria hadharani, lakini kwa Shakespeare ni kumcheka mtu na kumdharau. Anayelisoma kwa maana ya leo humgeuza mwenye kejeli kuwa mhalifu. Banter nalo, ambalo leo ni utani wa marafiki, liliingia mwishoni mwa karne ya 17 likiwa na ukali wa kumfanya mtu mjinga, na mwandishi Jonathan Swift alililalamikia mwaka 1710 kuwa ni neno la ovyo.

Hata mkishajua mwaka, tazameni nani anasema na nani anaambiwa. Gibe kwa kawaida ni kijembe, neno lenye mwiba. Lakini Hamlet, katika tamthilia ya Shakespeare yenye jina hilo, akiwa ameshika fuvu la Yorick, anamsifu kwa jest zake zisizokwisha, kisha anauliza kwa uchungu ziko wapi gibe zake. Yorick alikuwa mchekeshaji wa mfalme, mwenye ruhusa ya kuchoma bila kukosea, kama mtani anavyoweza kusema msibani maneno ambayo mwingine angefukuzwa kwayo. Kuandika dhihaka hapo kungeharibu upendo wote wa maneno yale. Mimi ningeandika utani bila kusita.

Jifunzeni pia kwa Biblia, ambayo ni shule nzuri ya kazi hii. Katika Zaburi ya 1, Kiingereza cha mwaka 1611 kina neno scornful, wenye dharau, na Biblia ya Kiswahili inayosomwa na wengi, ile ya Union Version, inasema “barazani pa wenye mizaha”. Msomaji wa leo, ambaye kwake mzaha ni jambo jepesi, anaweza kudhani kwamba kicheko chenyewe kimekatazwa, ilhali wanaosemwa ni wale wanaodharau mambo matakatifu. Katika Wagalatia 6:7 watafsiri hao hao waliandika “Mungu hadhihakiwi”, na hapo uzito wa neno haumpotezi msomaji yeyote.