Kidonda cha sukari kisichouma: usimtie mzee mguu kwenye maji moto

Liweke chini hilo beseni! Umeandika babako ana sukari, ana kidonda chini ya unyayo, "lakini hakimuumi", nawe wataka kumkanda kwa maji moto ya chumvi. Hiyo "lakini hakimuumi" ndiyo iliyoniponza mimi, nikakatwa vidole viwili.

Sukari ikikaa juu miaka na miaka huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na ile ya damu huziba polepole. Mguu hausikii msumari, hausikii moto. Mimi muuza duka la dawa mmoja, koti jeupe utadhani profesa, aliniambia: maji moto, chumvi, na huu unga upake asubuhi na jioni. Nikatumbukiza mguu huku natazama mpira, raha mustarehe, kumbe najichemsha kama muhogo! Mke wangu ndiye aliyeona ngozi yachunika. Nikarudi dukani, yule bwana akaniuzia unga mwingine. Hakuniambia hata nivue kiatu akione! Pesa alihesabu vizuri sana lakini. Kufika hospitali, picha ikaonyesha usaha umeshaingia mfupani. Vidole vikaenda. Siku hizi nikinunua makubadhi naomba nipunguziwe bei ya upande wa kushoto, na hakuna muuzaji aliyewahi kukubali.

Kwa hivyo shika hili moja: mwenye sukari akipata kidonda mguuni, huko kutouma ndiyo hatari yenyewe. Mpeleke hospitali leo, si Jumatatu. Kikinuka, mguu ukivimba, ngozi ikawa nyeusi au akashikwa na homa, hata kama ni usiku wa manane vukeni feri mwende hospitali.



Mkifika, usikubali afungwe bandeji juu juu kisha mrudishwe nyumbani. Kidonda kisafishwe, nyama iliyokufa iondolewe, waangalie kama damu yafika vidoleni, na uulize kama apigwe picha ya mfupa. Sukari nayo ipimwe papo hapo, maana ikibaki juu kidonda hakifungi. Kisha asiukanyagie mguu huo kabisa. Dawa hazitafua dafu ikiwa kila alfajiri anautembelea hadi msikitini. Aswali nyumbani, ameketi. Akikataa, mwite imamu aje amwambie mwenyewe, maana wazee wetu sisi wana wao hutusikiza mwisho.