Maswali na majibu: Kila tiketi ni "haraka"

Bosi ameziweka tiketi zetu 140 zote, yaani kazi zilizoandikwa zikisubiri kufanywa, kwenye kundi la "haraka". Tuanze na ipi?

Hapo hamna ya haraka hata moja, mna rundo. Ofisi moja niliyopitia ilitumia karatasi nyekundu kwa kazi za haraka. Haikuchukua muda ukuta mzima ukawa mwekundu, na jamaa wa mauzo akaanza kuandika "haraka" mara tatu kwenye zake. Acheni makundi, pangeni foleni: ya kwanza, ya pili, ya tatu, wala wawili wasikalie kiti kimoja. Mwongozo wa Skramu, utaratibu wa timu kufanya kazi kwa vipindi vifupi, ulilisahihisha hili mwaka 2011: badala ya kazi kupewa vipaumbele, zikawa za kupangwa kwa mfuatano. Mkishapanga 20 za juu, inatosha. Zilizolala mwaka mzima futeni. Yenye maana, mwenyewe ataileta tena.

Ipi bora kwa kupanga kazi: MoSCoW (makundi manne: lazima, muhimu, ikiwezekana, si sasa) au RICE (alama kwa watu inaowafikia, athari, uhakika na nguvu inayohitajika)?

Swali hili silimalizi. Yoyote, mradi awepo mtu wa kusema hapana.

Tunatumia MoSCoW, lakini karibu kila kitu kimeangukia "lazima".

DSDM, mbinu ya kuendesha miradi inayoitumia MoSCoW, inashauri kazi za lazima zisizidi asilimia 60 ya nguvu ya timu. Nguvu, jamani, si idadi ya tiketi. Makadirio yakikosea, nayo hukosea, mnapunguza kwenye ile 40. Jiulizeni: bila kazi hii toleo linaweza kutoka, hata kwa kuungaunga? Kama ndiyo, si ya lazima. Ripoti yenye nembo ya rangi si ya lazima hata mkurugenzi akiipenda vipi.

Kazi moja ina faida kubwa ila ni ya wiki 4. Nyingine ndogo, ya wiki 1. Ipi itangulie?

Pigeni hesabu ya hasara ya kuchelewa. Tuseme kubwa ikichelewa mnapoteza shilingi milioni 2 kwa wiki, na ndogo milioni 1. Mkianza na kubwa: milioni 8, kisha ndogo iliyosubiri hadi wiki ya 5, milioni 5. Jumla 13. Mkianza na ndogo: 1 na 10, jumla 11. Gawanyeni hasara ya wiki kwa muda wa kazi. Yenye jibu kubwa itangulie. Ila msinipikie namba ili kazi ya bosi ishinde.

Kamati yetu ya vipaumbele ina watu 5 na hawaelewani.

Ivunjeni. Mmiliki wa bidhaa, yule anayeamua mfuatano wa kazi, ni mtu mmoja. Wanne waliobaki wamshawishi.